Muda Uliopita Tangu Lini?

Katika saiba za Majengo, Mombasa, mteja hulipia dakika. Akiketi, programu huandika saa aliyoanza; akinyanyuka, huandika saa aliyomaliza, hutoa ile kwenye hii, kisha hudai pesa. Ni hesabu ya darasa la pili, na inaweza kuharibika vibaya. Chukua kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa. Stima zikipotea kisha zikarudi, huwaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Mteja anaanza kazi. Baadaye kidogo intaneti inapatikana, kompyuta inasahihisha saa yake, na mtu ambaye hajamaliza kuchapa barua moja anadaiwa bili ya miaka kadhaa.

Programu hiyo iliuliza ni saa ngapi, ilhali ilipaswa kuuliza umepita muda gani. Hilo la pili ndilo waandishi wa programu wa Kiswahili hulitafutia jina, na baadhi huandika “muda uliopita”. Ni sawa, ila lina upungufu: msomaji anaweza kulielewa kuwa ni zamani. Wengine huandika “muda uliotumika”, na hapo wamepotea kabisa, kwa kuwa programu inaweza kungoja dakika kumi bila kuitumia prosesa hata kidogo. Muda wa kazi ya prosesa ni kipimo kingine. Mimi nachagua “muda uliopita tangu”, kwa sababu “tangu” humlazimisha mwandishi kutaja mwanzo wake. Waundaji wa lugha ya programu ya Go nao walikipa kipimo hiki jina lenye maana hiyohiyo ya tangu.

Chombo cha kupimia muda huo nakiita saa isiyorudi nyuma. Hii haijui tarehe wala mwaka. Ifikirie kama mita ya maji: tarakimu yake peke yake haina maana, lakini ukitoa usomaji wa mwezi uliopita kwenye wa mwezi huu unajua umetumia kiasi gani. Saa ya kalenda husogezwa na watu na mitandao. Hii hairukishwi mbele wala nyuma na yeyote.

Gharama ya kuchanganya hizi mbili ilionekana usiku wa kuamkia 1 Januari 2017. Saa za dunia ziliongezwa sekunde moja kabla ya usiku wa manane wa Greenwich, yaani kabla ya saa tisa za usiku kwa watu wa Mombasa. Katika seva za kampuni ya Cloudflare, saa ya kalenda ilirudi nyuma ili kuingiza sekunde hiyo; programu iliyoandikwa kwa Go ilitoa saa moja kwenye nyingine ikapata muda chini ya sifuri, jambo ambalo mwandishi wake hakulitarajia, ikaanguka. Baadhi ya tovuti zilishindwa kupatikana. Toleo la 1.9 la Go, la Agosti mwaka huohuo, likaanza kubeba usomaji wa saa isiyorudi nyuma ndani ya kila wakati linaousoma.

Ugumu unaobaki ni wa maktaba ya msimbo inayotakiwa isibague mashine. Linux hutoa saa hii kwa mlango mmoja, Windows kwa mwingine, na macOS ina wake. Mtego mbaya zaidi ni ule wa lugha ya C, ambamo kuna jina moja, “clock”, lenye tabia mbili: kwenye Linux hupima kazi ya prosesa, kwenye Windows hupima muda unaopita kwa saa ya ukutani. Msimbo haubadiliki, jibu linabadilika. Lugha ya C++ ya 2011 ilileta saa isiyorudi nyuma ndani ya maktaba yake, na Python 3.3 ya 2012 ikafanya vivyo hivyo. Hata hivyo tofauti hazikuisha: kompyuta ikilala, mifumo mingine huhesabu muda wa usingizi na mingine haiuhesabu. Kwa mwenye saiba hilo si dogo.

Saa isiyorudi nyuma huanza upya mashine ikizimwa, kwa hiyo usiihifadhi kwenye faili ukategemea kuitumia kesho, wala usilinganishe ya kompyuta mbili. Kwenye risiti andika saa ya kalenda. Bei ikokotoe kwa muda uliopita tangu mteja aketi.