Egnep: Mwajiri Aliyeandikwa Kinyumenyume

Soma neno Egnep kuanzia nyuma, utapata Penge, mgodi wa asbesto ya kahawia huko kaskazini mwa Afrika Kusini. Egnep ilikuwa mojawapo ya kampuni tanzu ambazo Cape, kampuni ya Kiingereza iliyosajiliwa 1893, ilizitumia kuuendesha. Naanza na jina hilo kwa sababu wapo hadi leo wanaoshikilia kwamba wachimbaji wa Penge walikuwa na mwajiri wao hukohuko, na wakubwa wa London walisingiziwa tu.

Utetezi wao mwingine, kwamba enzi zile hakuna aliyejua ubaya wa vumbi, haustahili wino mwingi. Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto mjini Rochdale, alifariki 1924, na habari za mapafu yake zikachapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza. Mwaka 1930 wakaguzi wa viwanda Merewether na Price walitoa ripoti ya wafanyakazi 363 wa asbesto waliopimwa. 95 walikuwa na asbestosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi hilo. Kanuni za kudhibiti vumbi zikatungwa 1931, kwa viwanda vya Uingereza. Penge haikuwamo. Daktari Gerrit Schepers alipofika huko 1949 aliwakuta watoto wametumbukizwa ndani ya magunia makubwa, wanakanyaga nyuzi za asbesto zishindilike, na msimamizi yupo na mjeledi wake.

Sasa huyo mwajiri. Waathiriwa wa Afrika Kusini walipoishtaki Cape London 1997, kampuni haikuanza kwa kubishania vumbi. Iliomba shauri lipelekwe Afrika Kusini, ikaahidi hata kuitikia wito wa mahakama za huko. Ukiisikia juujuu ni hoja ya maana: mashahidi wako kule, na makaburi yako kule. Lakini msaada wa kisheria wa serikali kwa madai ya aina hiyo ulikuwa umeondolewa nchini humo, na wadai walishazidi 3,000. Kumwambia mjane wa Penge akapambane na kampuni kama ile bila wakili ni kumwambia akae nyumbani. Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliona hivyo tarehe 20 Julai 2000, katika Lubbe dhidi ya Cape.

Wengi huitaja hukumu hiyo kana kwamba iliitia hatiani kampuni mama. Hawajaisoma. Malodi waliamua mahali pa kusikiliza kesi tu. La nani alaumiwe waliliacha.

Na halikusikilizwa kamwe. Mwaka 2001 Cape ilikubali kulipa pauni milioni 21, isilipe. Mwaka 2003 ikatoa milioni 7.5 kwa wadai wapatao 7,500: pauni elfu moja kwa kila kifua kilichooza, ukipenda kuhesabu hivyo.

Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba Cape, ikiwa kampuni mama, iliwajibika kumkinga mfanyakazi wa kampuni yake tanzu. Mfanyakazi huyo alikuwa wa Uxbridge, pembezoni mwa London.