Buibui, hina na wanja: kuirudisha Unguja ya 1955 kwa fedha za kuungaunga

Mwanamke wa mjini Unguja aliyetoka nje mwaka 1955 alibakiwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi. Mkono wa pili ulishika buibui. Vazi lile halikuwa na mikono wala vifungo kama abaya linalouzwa leo Darajani. Vilikuwa vipande vipana vya kitambaa cheusi vilivyoshonwa vikazunguka mwili mzima, na juu zikawekwa kamba za kufungia kichwani. Kitambaa kilichozidi kiliteremka mpaka miguuni, na akipishana na mwanamume asiyemjua, aliuvuta upande mmoja kujifunika uso. Ndiyo maana hatua zake zilikuwa fupi, na kikapu kilikaa upande uleule kila siku.

Mwigizaji wa leo akivalishwa abaya lenye zipu na nakshi za kumetameta kifuani, mtazamaji wa Zanzibar atajua papo hapo kwamba hapa si zamani, hata kama redio, taa na baiskeli vyote ni vya enzi hizo. La kutia moyo kwa mtayarishaji mwenye fedha kidogo ni kwamba buibui sahihi ni jepesi kushona kuliko abaya, kwa kuwa halina kipimo cha mwili. Fundi mmoja mwenye cherehani anaweza kukata jora la pamba nyeusi inayoanguka vizuri akatoa mabuibui ya wapita njia wote, na wapita njia haohao wakarudi kwenye sini inayofuata wakiwa watu wengine kabisa. Inabaki miguu. Makubadhi ya ngozi yanafaa, mtalawanda ndani ya nyumba unafaa. Ndala za plastiki zivuliwe nyuma ya kamera.

Kazi ya namna hii imekwisha kufanywa. Mwaka 2021 Amil Shivji aliipeleka kwenye tamasha la Toronto filamu ya Vuta N'Kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Ni hadithi ya Yasmin, msichana wa Kihindi anayemkimbia mume mzee aliyeozeshwa, na Denge, kijana anayepigania uhuru katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Mwaka uliofuata Tanzania iliiteua kuiwakilisha kwenye tuzo za Oscar, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Mji Mkongwe unatoa mandhari ambayo kwingine ingejengwa kwa mbao na mamilioni. Wanawake wanaopita mbele ya kuta zile ndio wanaotakiwa kutengenezwa upya, kuanzia utosini hadi unyayoni.

Ushahidi wa kufanyia kazi haukosekani. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na picha zake za nyeusi na nyeupe zimehifadhi nyuso za vizazi kadhaa. Mombasa alikuwepo N. V. Parekh, aliyefungua studio yake mwaka 1942. Msusi akizitazama picha kama hizi kwa kioo cha kukuzia ataona nywele zimegawanywa wapi, mkufu umekomea wapi shingoni, na nyusi zilikuwa na unene gani. Lakini zina hila yake. Mtu hakwenda studio na nguo ya jikoni. Alikwenda na bora aliyokuwa nayo, au aliyoazima kwa shoga yake. Filamu inayomvisha kila mwanamke kwa kufuata picha za studio humfanya hata anayekuna nazi aonekane anakwenda harusini.

Chini ya buibui kulikuwa na ulimwengu mwingine. Wanawake wa mjini walikwenda sinema, na yalikuwepo maonyesho ya wanawake peke yao. Awaara ya Raj Kapoor na Nargis, iliyotoka mwaka 1951, iliteka nyoyo Zanzibar, na mishono ya kwenye skrini ilifika mpaka kwa mafundi wa mitaani. Mwaka 1952 Aga Khan wa Tatu aliwashauri wanawake wa Kiismailia wa Afrika Mashariki waache sari na wavae magauni. Kwa hiyo mbunifu wa mavazi anayemvisha sari kila mwanamke wa Kihindi kwenye filamu ya 1955 anakosea, na kosa hilo halimpunguzii hata senti moja, kwani sari na gauni vyote vitanunuliwa.

Magauni hayo yanapatikana kwenye mitumba. Siri ni kutafuta umbo la nguo na kuacha kuhangaika na umri wake, maana magauni mengi ya miaka ya 1980 yana kiuno cha kubana na sketi pana yenye marinda. Toa mito ya mabegani. Fumua zipu ya nailoni, kwa sababu zipu za aina hiyo zilienea kuanzia miaka ya 1960, weka vifungo au zipu ya chuma. Pindo lishushwe chini ya goti. Kitambaa kikiwa cheupe mno kwa kamera, kichovywe kwenye chai ya rangi kisha kianikwe, nao weupe utatulia.

Kanga inataka umakini zaidi, kwa kuwa kanga husema. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa mwaka 1887, na kanga zake za Mali ya Abdulla zinajulikana mpaka leo. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968, kwa hiyo kanga yenye chapa yake haina nafasi katika hadithi ya ukoloni. Anayetaka salama achukue kisutu: ni muundo wa zamani wa wekundu, weusi na weupe, bado kinachapwa, na mara nyingi hakina jina la kumsumbua mtazamaji. Doti mpya ikitoka dukani ina wanga na hukaa imesimama kama karatasi. Ifuliwe mara nyingi, ianikwe juani, mwigizaji alale nayo. Kanga ya kushindia nyumbani lazima iwe imelainika kiasi cha kushika kiuno bila kuhangaishwa.

Kwenye nywele ndiko makosa mengi yanakotokea, na ndiko fedha zinakoweza kuokolewa. Rasta ndefu za nywele bandia hazikuwa za miaka ya 1950. Msusi anayejua twende kilioni, njia zikaenda sambamba kutoka kipajini hadi kisogoni, hahitaji kununua chochote zaidi ya kitana na mafuta ya nazi. Kwa nywele laini, kuna mkia mmoja mzito mgongoni au fundo la kisogoni, na maua. Hapo asumini ina matatizo yake. Ikitungwa asubuhi, mchana wa joto na taa za kamera zitakuwa zimeigeuza rangi, kwa hiyo mpambaji mwenye busara hutunga mashada matatu na kuyaweka kwenye kitambaa kibichi.

Usoni, jambo la kwanza ni kupunguza. Kope za bandia, kucha ndefu za kubandika na nyusi zilizochorwa kwa kona kali ni alama za leo, na mwigizaji anatakiwa aambiwe mapema sana asinyoe nyusi zake. Wanja ukae ndani ya jicho. Kwa bi mkubwa wa hadithi, wekundu wa midomo utoke kwenye tambuu. Hina nayo humchanganya mpigapicha asiyeizoea: hupakwa usiku, asubuhi huacha rangi ya chungwa, hukolea baada ya siku moja au mbili, kisha huanza kufifia. Filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi, kwa hiyo bibi harusi anaweza kuonekana na mikono iliyofifia akiwa bado hajaolewa. Njia rahisi ni kuzipiga sini za harusi kwanza na kuiacha hina ifuate mwendo wake. Kukimbilia piko ni hatari. Ni rangi ya nywele yenye kemikali, na imewaunguza wengi ngozi.

Mfano mkubwa wa nje ni wa Julie Dash wa Marekani. Filamu yake Daughters of the Dust ya mwaka 1991 iligharimu takriban dola 800,000, na inahusu familia ya watu weusi wa visiwa vya kusini mwa Marekani mwaka 1902. Aliwavalisha wanawake wake magauni meupe, vichwani akaweka misuko yenye asili ya Afrika, na mikono ya bibi wa ukoo akaitia buluu ya nili aliyoifanyia kazi utumwani. Dash alijua kwamba nili isingedumu mikononi miaka yote ile. Aliiweka kwa makusudi, na doa hilo la rangi linasema zaidi kuliko kabati zima la mavazi. Arthur Jafa, aliyeshika kamera, alitunukiwa tuzo ya upigaji picha kwenye tamasha la Sundance.

Kwa Dar es Salaam, kipindi kinachongoja filamu yake ni 1968. Oktoba mwaka huo vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi tarehe 1 Januari 1969, ikilenga sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mikorogo ya kujichubua. Mavazi yake ni rahisi kupata kuliko ya Unguja ya 1955. Sketi fupi zimejaa mitumbani, na wigi fupi la kutunisha linaweza kukatwa kutoka kwenye wigi la kawaida. Msichana aliyekuwa na miaka 18 wakati huo sasa amevuka 70. Mpambaji akimfuata nyumbani na daftari atapata majibu ambayo hayamo kwenye picha yoyote: wigi lilivaliwa juu ya nywele zilizosukwaje, mafuta gani yalipakwa miguuni, na aliyekutana na vijana wa doria barabarani alijifunika kwa kitu gani.