Kadi za R4: Akiba ya mchezo au zana ya uharamia?

Kadi ya kuchezea nakala ni kifaa kidogo chenye umbo la kadi halisi ya mchezo wa video. Hupachikwa katika kifaa cha michezo cha mkononi na kumwezesha mtumiaji kucheza nakala alizozihifadhi kwenye kadi ya kawaida ya kumbukumbu. Iliyovuma zaidi ni R4, ambayo ilienea kuanzia mwaka wa 2007 na iliundwa kwa ajili ya Nintendo DS.

Nintendo DS, yenye skrini mbili, ilizinduliwa nchini Marekani na Japani mwishoni mwa 2004. Kampuni hiyo ya Japani iliuza zaidi ya DS milioni 154. Kila mchezo uliuzwa katika kadi yake, inayokaribia ukubwa wa stempu ya posta. Aghalabu kadi hiyo hiyo ndiyo iliyotunza rekodi ya hatua alizofikia mchezaji. Mtoto akiipoteza, hupoteza mchezo pamoja na jasho la miezi mingi.

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi, na hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya watetezi wa kadi hizi. Aliyenunua mchezo kwa fedha zake, wanasema, ana haki ya kuweka nakala na kuiacha kadi halisi nyumbani.

Jinsi zinavyofanya kazi

Kila mchezo unapopachikwa, DS hubadilishana na kadi ujumbe uliosimbwa ili kuthibitisha kuwa kadi ni halali. Kadi ya kuchezea nakala huiga mazungumzo hayo na kujifanya mchezo halisi. Kadi za awali zilitumia tundu la pili la DS, lililokusudiwa michezo ya Game Boy Advance, na zilihitaji kifaa cha ziada. R4 ilirahisisha mambo kwa kuingia katika tundu la michezo ya DS yenyewe.

Mtumiaji huhitaji kadi ya kumbukumbu aina ya microSD. Kwa kutumia tarakilishi, huweka humo programu ya kuiendesha R4, kisha faili za michezo. DS inapowashwa, orodha hujitokeza naye huchagua mchezo autakao. Rekodi ya hatua alizofikia huandikwa kama faili katika kadi hiyo ya kumbukumbu, na inaweza kunakiliwa tena kwa usalama.

Kadi hizi pia ziliwafaa waundaji wa programu wasio na kibali cha Nintendo. Moonshell ilitumika kusikilizia muziki na kutazamia video. Colors!, programu ya kuchorea, ilianza kwa njia hiyo hiyo na baadaye ikauzwa rasmi kwa wenye Nintendo 3DS.

Hata hivyo, mlango uliofunguliwa kwa akiba uliwapitisha pia maharamia. Michezo ya DS ilikuwa na ukubwa wa kati ya megabaiti 8 na 512. Kwa hiyo, kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 2 iliweza kubeba michezo mingi iliyopakuliwa mtandaoni bila malipo. Watunzi wa michezo walijibu kwa mitego. Mathalani, nakala haramu ya mchezo wa Michael Jackson wa mwaka wa 2010 ilifunika nyimbo zake kwa kelele za vuvuzela.

Mahakamani

Mnamo Februari 2009, mahakama moja ya Tokyo ilipiga marufuku uagizaji na uuzaji wa R4, kufuatia kesi ya Nintendo na kampuni nyingine 54. Mwaka wa 2010, Mahakama Kuu ya Uingereza ilifikia uamuzi kama huo. Ilikataa utetezi kwamba kadi hizo zina matumizi halali. Nchini Ufaransa, Nintendo ilishindwa mwaka wa 2009, lakini mahakama ya rufaa ya Paris ikabatilisha uamuzi huo mwaka wa 2011.

Januari 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililegeza kamba kidogo. Ilieleza kuwa majaji wanapaswa kupima iwapo kinga za kampuni zinavuka mipaka, na kuchunguza jinsi vifaa vinavyotumiwa hasa.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 nayo ina pande hizo mbili. Inamruhusu mwenye programu halali ya tarakilishi kuweka nakala ya akiba, na wakati huo huo inakataza vifaa vilivyoundwa hasa kwa ajili ya kuvunja kinga za kiufundi.

Swali hili halijafa pamoja na DS. Duka la mtandaoni la DSi lilifungwa mwaka wa 2017, na lile la 3DS likaacha kuuza michezo Machi 2023. Utafiti uliotolewa mwaka huo huo na shirika la Video Game History Foundation ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haiuzwi tena rasmi.

Wanaotegemea kadi hizi nao hawako salama. Baadhi ya kadi zinazoiga R4 zimewekewa tarehe ya mwisho katika programu yake, na ikifika hazifanyi kazi hadi programu hiyo ibadilishwe.

Mchuma janga hula na wa kwao. Uharamia uliwaumiza watunzi wa michezo, kisha adhabu yake ikamfikia hata mnunuzi mwaminifu. Mahakama nyingi zilihukumu chombo bila kuuangalia mkono ulioshika chombo hicho, na mwenye kadi halisi inayochakaa amebaki na mali asiyo na njia rahisi ya kuilinda.