Neno Lililokatazwa: Funzo kutoka Kamusi za Kigiriki cha Kale

Mtunzi wa kamusi ana kazi mbili ambazo aghalabu hukinzana: kuchagua maneno na kuyahifadhi. Katika sehemu hii ya mhadhara nitalifafanua suala hilo kwa kurejelea leksikografia ya Kigiriki, kati ya karne ya 2 na ya 6.

Katika karne ya 2, chini ya utawala wa Roma, wasomi wengi wa Kigiriki waliamini kuwa Kigiriki fasaha ni kile cha waandishi wa Athens wa karne nyingi zilizotangulia. Phrynichus, mmoja wa watetezi wakali wa msimamo huo, alitunga orodha ya maneno yanayofaa na yasiyofaa. Miongoni mwa aliyoyakataza ni *nēron*, kivumishi cha kuelezea maji yaliyochotwa punde. Leo *nero* ndilo neno la kawaida la Wagiriki kwa maana ya ‘maji’. Aidha, katazo hilo ndilo linalotuthibitishia kwamba neno lenyewe lilikwisha kuenea vinywani mwa watu.

Hesychius wa Alexandria, aliyeishi katika karne ya 5 au ya 6, alifuata njia nyingine. Akiegemea kamusi ya Diogenianus, alikusanya vidahizo vipatavyo 51,000: maneno adimu ya washairi pamoja na ya lahaja, kama vile za Sparta, Krete na Kupro. Sehemu kubwa ya msamiati tunaoujua wa Kimakedonia cha kale imetokana naye. Hata hivyo, kamusi hiyo imetufikia kwa nakala moja tu ya mkono, ya karne ya 15. Marcus Musurus aliandika masahihisho yake juu ya kurasa hizohizo, nazo zikatumika kuichapisha Venice mwaka 1514.

Suala hili linatuhusu. Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ikaimarisha uamuzi huo. Mwaka huohuo ilianza kuchapishwa Paris kamusi ya Charles Sacleux, iliyosheheni maneno ya lahaja. Usanifishaji ulihitajika kwa ajili ya shule na vitabu, wala siupingi. Lakini neno la Kimtang’ata au la Kitikuu lisiloandikwa popote huweza kutoweka pamoja na mzee wa mwisho anayelitumia. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wetu waendapo uwandani waandike kwanza walisikialo, ndipo wajadili usanifu wake.