Ndege Pori Waliokufa: Taarifa Ianzie kwa Nani, Iseme Nini

Januari 2017, Serikali ya Uganda ilithibitisha kuwapo kwa mafua makali ya ndege baada ya buabua, ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia, kukutwa wamekufa kwa wingi katika ufukwe wa Lutembe, karibu na Entebbe. Ugonjwa huo uligundulika pia kwa bata na kuku wafugwao wilayani Masaka. Ziwa Victoria halina mpaka kwa ndege. Mizoga inayoonekana ufukweni Kagera, Mwanza au Mara yafaa imfikie mtaalamu siku hiyohiyo.

Si kila ndege aliyekufa ni dalili ya ugonjwa. Njiwa mmoja aliyegongwa na gari hana jambo la kuchunguzwa. Kinachotiliwa shaka ni ndege kadhaa kufa mahali pamoja ndani ya siku chache, hasa ndege wa majini kama vile bata, membe na heroe. Tai mzoga wakikutwa wamekufa kuzunguka mzoga wa ng'ombe, mara nyingi chanzo ni sumu iliyotegwa kwa ajili ya simba au fisi, na hapo askari wa wanyamapori naye ajulishwe.

Kijijini au mtaani, taarifa hutolewa kwa mtendaji au kwa afisa mifugo wa kata, ambaye huifikisha kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Yatosha kueleza mahali, idadi, siku walipoonekana, aina ya ndege au rangi na ukubwa wao, na iwapo kuku wa jirani nao wanakufa. Picha ya simu husaidia kuliko maelezo marefu. Ndege mwenye pete mguuni apigwe picha ya namba hiyo bila pete kuvuliwa.

Kuchelewa kuna gharama. Sampuli za kooni na za njia ya haja huchukuliwa kwenye mzoga mbichi na kusafirishwa katika ubaridi hadi maabara; mzoga uliokwisha kuoza juani hautoi jibu la kuaminika.

Wakati mtaalamu akisubiriwa, mzoga usiguswe, nao watoto, mbwa na kuku wazuiwe kuufikia. Kuutupa ziwani, kama wengi wafanyavyo, ni kuusambaza ugonjwa. Hatari zaidi ni kumchinja ndege anayeyumba ili asipotee bure: virusi vya H5N1 vimekwisha kuua watu katika nchi mbalimbali, wengi wao wakiwa wameshika, wamechinja au wamenyonyoa ndege wagonjwa. Vivyo hivyo, kweleakwelea waliokufa baada ya mashamba kunyunyiziwa dawa si kitoweo, kwani sumu hubaki mwilini mwao.

Aliyekwisha kugusa mzoga anawe kwa sabuni na maji tiririka. Akipata homa, kikohozi au macho mekundu katika siku 10 zinazofuata, aende kituo cha afya na amweleze mganga kwamba alishika ndege aliyekufa.