Shahada na Daftari: Misalaba ya Shaba ya Katanga

Hapa Shituru, mtaa wa Likasi ambao kiwanda chake cha shaba kilianza kazi mwaka 1929, swali la wanafunzi wetu ni hili: je, asiye na shahada ya akiolojia aweza kuandika historia ya shaba ya kale?

Mifano ya kukubali ipo. Askofu de Hemptinne hakuwa mwanaakiolojia, lakini maelezo yake juu ya wayeyushaji wa Kiyeke, yaliyochapishwa mwaka 1926, yangali yanasomwa na wataalamu. Huko Olduvai, Tanzania, Mary Leakey, ambaye hakusomea shahada yoyote, alivumbua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959.

Hata hivyo, tutazame makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na Nenquin mwaka 1957, Hiernaux mwaka 1958 na de Maret mwaka 1974. Kwa kuwa mahali pa kila msalaba paliandikwa, ilibainika kwamba misalaba mikubwa, mmojammoja kifuani mwa maiti, ilitangulia. Midogo ikafuata kwa wingi. Ndipo ikafahamika jinsi kitu cha heshima kilivyogeuka fedha. Msalaba uliong'olewa na kufungiwa kabatini hautufundishi hayo.

Basi thamani ya shahada ni nidhamu hiyo ya kuandika, nayo hufundishika. Migodi mipya inafuta mashimo ya wahenga kila siku. Chuo kisingoje wahitimu: kiwape wachimbaji na walimu wa Likasi daftari, na kuwafundisha kuandika mahali na kina kabla ya kuinua kitu.