Pumzi ya Fundi: Historia ya Mpuliza Kioo wa Karakana, kutoka Ushanga wa Usukuma hadi Kitengela

Insha hii inachunguza swali moja: chombo cha kioo kilichopulizwa ni kazi ya nani? Swali linaanzia mbali na tanuri lolote la kioo, katika kata ya Migato, wilayani Itilima, mkoani Simiyu. Hapa ni Usukuma, ambako ushanga wa kioo ulifika kwa misafara ya karne ya 19.

Sehemu kubwa ya ushanga ulioingizwa bara kupitia Zanzibar ilitengenezwa Venice. Fundi alichota bonge la kioo kilichoyeyuka, akatia kiputo cha hewa ndani yake, kisha watu wawili wakalivuta huku na huku hadi likawa mrija mrefu mwembamba, uliokatwa vipande vidogo. Hivyo basi, tundu la ushanga ni kile kiputo kilichonyooshwa. Wanunuzi wa bara walikuwa wateuzi: msafara uliobeba rangi isiyopendwa ulihangaika kupata chakula njiani. Ushanga mwekundu ulikuwa na jina lake, samesame. Aliyeutengeneza hakujulikana kwa jina lolote.

Hata Ulaya na Marekani, kwa muda mrefu kioo kilipulizwa zaidi viwandani, mmoja akichora na wengine wakitekeleza. Mwaka 1962, Harvey Littleton, mwalimu wa ufinyanzi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliendesha warsha mbili kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Toledo, Marekani. Nia yake ilikuwa msanii abuni na kupuliza mwenyewe, kwa tanuri dogo. Jaribio la kwanza lilikwama, kwani kioo hakikuyeyuka ipasavyo. Dominick Labino, mtaalamu wa viwanda, alishauri ziyeyushwe gololi za kioo zilizokusudiwa kutengenezea nyuzi, na zikafaa. Bado kupuliza kwenyewe kulihitaji kuonyeshwa, na aliyeonyesha ni Harvey Leafgreen, mpulizaji mstaafu wa kiwanda cha Libbey. Kwa hiyo vuguvugu lililomtukuza msanii mmoja liliwategemea watu wasiopungua watatu tangu siku zake za mwanzo. Kwa maoni ya mwandishi, Leafgreen hupitwa haraka mno katika masimulizi ya sanaa hii.

Tanuri dogo ndilo lililoifanya kazi hii iwezekane pasipo kiwanda, na Afrika Mashariki mfano ulio wazi zaidi uko Kenya. Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha karakana ya vioo vya rangi huko Kitengela, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mwanawe, Anselm Croze, alianza kupuliza kioo hapo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Malighafi yake ni vioo chakavu vya madirisha, na tanuri huwashwa kwa mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika. Kioo cha dirisha hukakamaa upesi kikitolewa motoni, kwa hiyo fundi hana nafasi ya kusitasita. Bilauri za Kitengela zinajulikana kwa unene na viputo vyake, na viputo hivyo havionewi haya.

Ukakamavu huo ndio unaolazimisha ushirikiano. Mmoja huzungusha bomba, mwingine hupuliza, wa tatu huleta tone la moto la kutengenezea mguu wa bilauri. Kisha chombo hupozwa polepole tanurini, la sivyo hupasuka. Jijini Arusha, karakana ya Shanga, inayoajiri watu wenye ulemavu, huyeyusha chupa kuukuu kwa mpango kama huo. Katika masimulizi ya taaluma ya mpuliza kioo, hata hivyo, jina linalobaki mara nyingi ni la mwenye karakana.

Mtafiti anayeshika ushanga wa zamani wa Usukuma hana wa kumuuliza. Anayeshika bilauri ya Kitengela anaweza bado kwenda kwenye tanuri na kuandika majina ya waliosimama mbele yake: nani alizungusha, nani alipuliza, nani alileta mguu.